Posa Kajaani

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nami nilimbeba bibi harusi kifuani
ndani ya bati la biskuti, nimemviringishia sweta:
vali nne, transfoma moja,
kitangulizi alichokilehemu kaka yangu Aarre
kabla masikio hayajamtoka.

Yalimtoka polepole, kama theluji ya Aprili.
Kwanza ndege, kisha kengele ya mlango,
kisha mimi.

Duka la Unto liko chini ya ardhi, ngazi kumi na moja.
Yeye ndiye mshenga. Alipangusa miwani, akauliza mahari.
"Euro mia sita," nikamwambia, "na viazi vya bustani."
Hakucheka. Viazi alivifikiria.

Nikamweleza: namtafutia huyu mume wa transista,
amplifaya yenye misuli ya kubeba spika nzito za baba,
lakini isilie kama kisu juu ya sahani.
Iwe na joto.
"Joto," alisema Unto. "Kila mtu anataka joto.
Hakuna anayeniambia kiasi gani."

Wa kwanza alikuwa kijana, uso wa alumini, wati mia mbili.
Tukaweka santuri: mwanamke na selo, basi.
Selo ikaingia haina tumbo.
Unto akachungulia mgongoni mwa kijana:
"Mlangoni ana omu elfu kumi tu. Bibi yako huongea kwa upole,
anahitaji wa kumsikiliza, si wa kumvuta ulimi."
Tukamrudisha kwenye rafu.

Wa pili alikuwa na mbao pembeni na taa ya rangi ya chai,
sifa zake zimevuma hadi Oulu.
Sote tukalainika. Besi ikanenepa,
mwimbaji akavaa koti la manyoya.
Dakika kumi nilifurahi. Dakika ya ishirini
sikujua tena anaimba Kifini au Kiswidi.
Asali juu ya sukari,
na jino moja la nyuma likaanza kuniuma, kweli kabisa.

Muda wote huo Aarre alikaa
kiganja chake juu ya ubavu wa spika,
kama anayempima ng'ombe mwenye mimba.
Kwa wa kwanza aliuondoa mkono haraka.
Kwa wa pili aliusahau palepale, akasinzia.

Wa tatu hakuwa wa kuuzwa.
Alikuwa sakafuni, akizuia mlango usijifunge,
kilo ishirini na moja,
kitufe kimoja kimepotea, badala yake kizibo cha chupa.
"Huyo anakula umeme," Unto alionya.
"Anachemka hata akiwa kimya."
Tukamwinua wawili, tukamuunga waya,
tukangoja nusu saa apate moto.
Hatukuwa na la kusema. Hatuna kawaida hiyo huku.

Selo ikarudi na tumbo lake,
na juu ya tumbo nywele za upinde,
mmoja mmoja, zikikwaruza.
Mwimbaji akavuta pumzi kabla ya neno.
Santuri hiyo ninayo tangu shule,
na pumzi hiyo sikuwahi kujua ipo.
Joto halikupakwa juu ya sauti kama siagi.
Lilitoka kwake, alikokuwa amesimama.

Aarre aliondoa kiganja, akakitazama, akakirudisha.
Akasema kwa sauti kubwa mno,
kama wasemavyo wasiojisikia:
"Hapa kuna mtu."

Nililipa mia nne na magunia mawili.

Sasa paka wetu Pihka amehamia juu ya kifuniko.
Nimemshusha mara tisa, nikimweleza
kwamba mashine nayo lazima ipumue.
Ananitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi.
Kaka hulala na mkono ukutani, upande wa spika.

Na mlango wa Unto, nasikia,
siku hizi unajifunga wenyewe.